Banda la majike: shajara ya mradi wetu wa mbwa wa mifugo, Chamwino

Mwezi wa nne, mvua zinaishia ishia

Kikao cha wafugaji kimeisha salama na mradi umepita, tunajenga banda la kufungia majike wakiingia joto, yani zile siku zao za kutafutwa na madume. Kwa msiojua, huku kwetu Chamwino, Dodoma, mbwa sio urembo wa getini, mbwa ni mfanyakazi, asubuhi anaondoka na watoto na mbuzi, jioni anarudi nao, usiku analala nje ya zizi fisi asisogee. Sasa jike mmoja tu akiingia joto kazi yote inasimama. Madume wa maboma yote wanahamia kwake, wa kijiji cha pili nao wanafika sijui wameambiwa na nani, wanapigana usiku kucha na mazizi yanabaki bila mlinzi. Masika ya mwaka jana boma moja iliingiliwa ivo ivo, madume wako kwa jirani wanagombea jike na huku fisi anakula mbuzi. Ndo ikawa sababu ya kikao.

Wazee walikua na dawa yao rahisi, majike wasifugwe kabisa, tubaki na madume. Mi nilipinga na nitaendelea kupinga. Kwanza jike mzuri wa kuchunga hana mfano, hazururi ovyo kama dume na anasikia sauti ya mtoto. Pili dume asiye na jike karibu ndo anatembea mbali zaidi kutafuta, kwaiyo hujatatua kitu. Tatu watoto wa mbwa utawatoa wapi, ukaokote pale mnadani Msalato mbwa ambaye hujui mama yake alikua anafanya kazi gani? Mzee mmoja akasema sawa, lakini banda likishindikana turudi kwenye hoja yake. Tukamwambia haya baba, tumekusikia.

Majike tunaoanza nao ni watatu. Malkia, huyu ni mzoefu, ndo mama wa nusu ya mbwa wa hapa. Watajiju, ana fujo ila kwa ngedere shambani hana mpinzani. Na Sijali, bado binti, hajawahi kuingia joto. (Majina msiniulize, huku mbwa anaitwa jina la ujumbe kwa jirani.)

Mwezi wa tano

Ujenzi. Hapa nitaandika kwa urefu kidogo maana watu wengi wanafikiri banda ni banda tu.

Kitu cha kwanza ni upepo. Dodoma kuanzia mwezi huu mpaka wa kumi upepo unapiga kutoka mashariki na kusini mashariki, na kuna siku unapiga kwelikweli vumbi mpaka ndani ya sufuria. Harufu ya jike ndo inayoita madume, kwaiyo banda tumeliweka magharibi ya mazizi yote, upepo ukipita kwake unaenda zake porini hauji kwa madume wetu. Kuna aliyetaka liwe katikati ya maboma ili kila mtu alione, nikamwambia ukifanya ivo umejenga ukumbi wa disko.

Cha pili, chini. Dume akitaka kuingia hapandi juu kwanza, anachimba. Tumechimba mtaro kama futi mbili, tumeshusha wavu mpaka chini alafu tukajaza mawe na zege kidogo juu. Cha tatu, juu. Bati nusu kwa ajili ya kivuli na wavu nusu, kusiwe na sehemu iliyo wazi ata kidogo maana jike mwenyewe akifika siku zake anataka kutoka kuliko ata madume wanavyotaka kuingia, hapo ndo watu wanajisahau, wanawazuia wa nje tu.

Cha nne ndo fundi alicheka. Nilimwambia nataka uzio wa pili wa miba ya migunga kuzunguka wavu, hatua moja na nusu mbali na wavu. Akauliza wa nini na wavu upo. Wavu peke yake hautoshi ndugu yangu, mbwa wanaweza kupandana kupitia tundu za wavu, jike anasogeza tu mgongo kwenye fensi kazi imeisha. Lazima kuwe na nafasi katikati wasigusane. Na milango miwili, unaingia wa kwanza unafunga ndo unafungua wa pili.

Ndani kuna ndoo ya maji, gunia la kulalia na mchanga sehemu moja wa kujisaidia. Haja zote anamalizia umo umo. Ukimtoa ata na kamba akakojoe kichakani umeacha barua ya mwaliko kwa kijiji kizima, mkojo wake nao una harufu inayoita madume.

Daftari nalo limeanza. Kila jike ana ukurasa, na wanaoandika ni watoto wanaochunga, sio sisi wakubwa. Sisi tunamuona mbwa usiku tu, wao wanashinda naye. Kila asubuhi wanamfuta nyuma na kitambaa cheupe wanaangalia kama kuna wekundu. Wengine wanajilamba sana damu huioni kabisa chini, kitambaa ndo kinasema.

Mwezi wa sita, mwanzoni

Kijana wa boma ya juu kaleta kitambaa kina damu, Malkia ameingia joto. Na kweli ukimwangalia nyuma kavimba. Kaingia bandani jioni ileile.

Nimewakalisha watoto na baadhi ya wazee nikawaeleza alivyonieleza daktari wa mifugo, na naandika hapa maana ndo moyo wa mradi huu wote. Joto la mbwa lina sehemu mbili. Ya kwanza damu inatoka, madume wanamfuata lakini yeye hataki, anakaa chini, anang'ata. Kwa wastani kama siku tisa, ila kuna mbwa wa siku tatu na kuna wa wiki tatu. Ya pili damu inapauka, inakua kama maji ya rangi ya majani makavu au inakata kabisa, uvimbe unalainika, na hapo sasa anakubali. Nayo kwa wastani siku tisa hivi, nayo inaweza kufupika au kurefuka. Yani siku ambazo mwenye mbwa anasema "ameshamaliza, damu imekata" ndo siku zenyewe za kushika mimba. Ukimfungulia hapo ulikua unamfunga bure.

Katikati ya mwezi

Nilijua litatokea. Damu imekata, mwenye Malkia kamtuma mtoto wake aje amchukue mbwa, mbuzi wanahangaika bila yeye. Nikaenda mwenyewe. Shikamoo baba, marahaba, tukaongea habari za mavuno ya mtama kwanza kama inavyotakiwa, alafu nikamwomba tuongozane bandani. Nikamkwaruza Malkia kiunoni karibu na mkia kwa mkono tu, akasimama imara akapindisha mkia pembeni. Nikamwambia baba, unaona huo mkia, huyu leo akitoka hapa baada ya miezi miwili una watoto wanane wa mbwa usiowajua baba yao. Mzee akaangalia, akacheka, akasema basi akae. Maneno yangu ya wiki nzima yalikua hayajafanya kazi ambayo mkia umefanya kwa dakika moja.

Kanuni tuliyoandika mlangoni: hatoki mpaka damu imekata NA uvimbe umeisha NA ukimkwaruza hapindishi tena mkia, na ata kama vyote vimetimia mapema hatoki chini ya wiki tatu, tunaongeza siku kadhaa za usalama. Mbegu za dume zinaweza kuishi ndani ya jike siku tano mpaka saba kwaiyo mambo ya "alipandwa mapema haiwezi kushika" nayo sio kweli.

Madume je? Wamekuja, hasa usiku, wanalia uko nje ya miba. Ila wetu tunawafunga kamba kila mmoja kwenye zizi lake kuanzia magharibi na kazi wanafanya, wanabweka fisi akipita. Wawili wamegoma kula siku kadhaa. Watakula tu.

Mwisho wa mwezi wa sita

Malkia katoka jana. Sijali kaingia juzi, wamekaa pamoja hawakugombana. Kwa Sijali ndo mara ya kwanza na umri wake hata mwaka haujafika, yuko ndani ya kawaida, wengi wanaanza kati ya miezi sita na mwaka mmoja na wenye miili mikubwa wanachelewa zaidi.

Sasa kijana wa shangazi yangu yuko UDOM kanitumia kitu WhatsApp usiku ametoka kusoma, anasema kaka mnawaua hao mbwa, jike asipopandwa joto haliishi anakufa. Nikamwambia nitumie nisome. Kumbe ni habari za feret. Hicho ni kinyama kirefu chembamba, ukikiangalia kwa macho tu utadhani ni nguchiro lakini kwa kweli sio ndugu wa karibu, Uingereza wanakitumia kuwindia sungura, wanakiingiza shimoni sungura wanatoka mbio wananasa kwenye nyavu. Na ni kweli kabisa kwa feret jike, akishaingia joto siku zinapoanza kurefuka kule kwao, asipopandwa anabaki kwenye joto miezi na miezi, homoni ya kike ikizidi mwilini inazima utengenezaji wa damu kwenye uboho wa mifupa na anaweza kufa kwa kuishiwa damu. Kwaiyo wenye feret za kazi hawana uhuru tulionao sisi wa kufunga mlango na kusubiri. Wanatumia dume aliyekatwa mirija ya mbegu, anampanda jike, joto linaisha bila mimba halisi, au daktari anamchoma sindano ya homoni, au anamwekea kidonge cha homoni chini ya ngozi.

Sababu ni kwamba feret yai halishuki mpaka apandwe, sawa na paka na sungura. Mbwa yai linashuka lenyewe, apandwe asipandwe, na joto linaisha lenyewe. Nimemjibu kijana ivo akasema oooh. Lakini namshukuru maana kesho yake tu kuna mama kaniuliza swali lilelile, kasikia jike akizuiwa anachanganyikiwa akili. Hapana mama yangu, kwa mbwa hakuna hiyo. Na mwingine akauliza kwanini na sisi tusitafute dume aliyekatwa mirija. Kwa mbwa haisaidii, jike ataendelea kukubali madume wengine, na magonjwa ya kupandana yanabaki palepale.

Mwezi wa saba

Mjadala wa sindano. Kuna mtu anapita vijijini anachoma majike sindano ya uzazi wa mpango ileile ya kinamama, bei ndogo, mwenye mbwa anafurahi. Kwenye kikao nusu ya watu walitaka banda livunjwe tuchome sindano tu.

Msimamo wangu ninaouandika hapa wazi: mbwa wa mradi hachomwi hiyo kitu. Hiyo homoni kwenye mbwa inaongeza hatari ya kizazi kujaa usaha na uvimbe wa matiti, na mbaya zaidi wanachoma wakati jike ameshaingia joto tayari, wakati ambao kizazi kiko wazi. Jike wa kijiji cha jirani kilimkuta, wiki chache baada ya joto akawa anakunywa maji kama hana akili, hali, tumbo limejaa, na usaha hautoki nje kwa sababu mlango wa kizazi umefunga. Huyo hana dawa ya asili, ni kupasuliwa haraka au kufa. Alikufa. Hii hali inaweza kumpata ata jike ambaye hajachomwa chochote, kwaiyo kwenye daftari tumeongeza sehemu, miezi miwili mizima baada ya joto mtoto anaandika kama mbwa anakunywa maji kupita kawaida au anatoa uchafu wenye harufu.

Mjadala ukaisha kwa kura. Banda limebaki, kwa tofauti ya kura chache lakini limebaki.

Mwezi wa nane

Watajiju. Daah.

Huyu joto lake lilianza kimya, kitambaa hakikuonyesha kitu, na siku hiyo alikua na mbuzi lamboni. Watoto wamemkuta amenasana na mbwa koko. Mmoja akataka kuwapiga mawe, mwingine akasema mjomba alisema tusiwaguse. Safi sana huyo mtoto. Mbwa wakishanasa wameshanasa, ni dakika tano, ishirini, ata zaidi ya nusu saa, ukiwapiga au kuwamwagia maji ukawavuta unawaumiza wote wawili na mimba huizuii. Waliwasubiri wakaachana wakamleta. Tumemfungia hivyohivyo maana jike anaweza kubeba watoto wa baba tofauti tumbo moja, kwaiyo kupandwa mara moja sio sababu ya kumwachia apandwe na kata nzima.

Mimba ya mbwa ni kama siku 63, kwaiyo tunategemea watoto mwezi wa kumi mwanzoni. Mwenye mbwa kasema atawalea. Sawa.

Alafu wiki iyohiyo naitwa kwa Malkia, "mbona na yeye ana mimba na mlisema banda ni imara?" Nikaenda. Malkia katoa maziwa, kachimba shimo nyuma ya tembe, na amelala na ndala ya mtu mmoja ya kushoto, ukiisogelea anaunguruma. Watu wananiangalia. Daktari kaja kampapasa tumbo, hamna kitu. Mimba ya uongo. Jike wa mbwa akimaliza joto mwili wake unatoa homoni ya mimba kama miezi miwili awe amebeba au hajabeba, ikianza kushuka maziwa yanakuja, ndo maana imetokea sasa hivi wiki nane hivi tangu aingie bandani. Dawa ni kumwacha. Usimkamue maana ukikamua yanazidi, punguza chakula kidogo, mrudishe kazini atembee. Wiki mbili tatu inaisha. Ndala ilirudishwa kwa mwenyewe ikiwa haifai tena, na mwenyewe kadai mradi umlipe.

Mwezi wa tisa

Tarehe 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, afisa mifugo wa kata kaja na chanjo tumeipokea kama sikukuu. Mimi hili naliunganisha na joto moja kwa moja. Madume wanapokusanyika kwenye jike wanang'atana, wanatoka vijiji tofauti, mmoja akiwa na kichaa ametosha. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo ugonjwa unakosa njia ya kusambaa. Tumechanja wote wa mradi, wajawazito tukamuuliza daktari kwanza. Watoto wa mbwa zamu yao wakifika miezi mitatu.

Siku hiyohiyo daktari kamkagua Kamanda, dume ambaye wote tulikua tunamtegemea awe baba wa watoto wa Malkia mwakani. Ana kinyama kwenye uume, kinachuruzika damu, kama koliflawa iliyoiva vibaya. Ni uvimbe wa kuambukizana, seli zenyewe za uvimbe zinahama kutoka mbwa kwenda mbwa wakipandana au wakilambana. Habari njema unatibika, sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo, anachoma daktari mwenyewe maana ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Wafugaji wa maboma manne tumechangia. Kamanda hapandi mtu mpaka daktari aseme. Na Watajiju naye atakaguliwa akishazaa, yule koko wa lamboni hatujui alikua na nini.

Mwezi wa kumi

Watajiju kazaa sita, wazima. Watano wana rangi ya yule koko. Mmoja ana rangi ya dume wa boma ya chini ambaye mwenyewe anaapa hajawahi kumfungua kamba, basi sawa.

Mwezi wa kumi na moja, joto la Dodoma lenyewe sasa

Sijali ametolewa kizazi. Hili lilikua na maneno mengi, wazee wanaamini jike lazima azae ata mara moja ndo atulie, na baba mmoja akasema mbwa akitolewa kizazi anakua mvivu fisi watamzoea. Kuzaa mara moja hakumsaidii chochote kiafya. Kuhusu uvivu, anaweza kunenepa ukimlisha ovyo, ila mbwa wetu na ugali wa mtama na kutembea kutwa nzima kunenepa anenepee wapi. Tulisubiri miezi kama mitatu baada ya joto lake maana wakati wa joto mishipa ya damu ya kizazi imejaa na upasuaji unakua na damu nyingi. Kidonda kimefunga vizuri, kazini amerudi na ngedere wanamtambua.

Uamuzi wa kikao ni kwamba majike wa kuzalisha wawe Malkia na binti mmoja wa Watajiju tutakayemchagua kwa tabia akishakua, wengine wote waende kwa daktari pesa ikipatikana. Wa kuzalisha ndo banda lao. Mzee wa hoja ya kufuta majike hakusema kitu kwenye kikao hiki, ila ameomba mtoto wa Watajiju, na ameomba jike.

Kwa hesabu za daftari Malkia atarudi kwenye joto mwezi wa kumi na mbili mwishoni au wa kwanza, mbwa wengi wanarudia baada ya miezi sita saba. Hapo mvua zitakua zimeanza, majani yatakua marefu, na upepo nao utakua umebadilika, kwaiyo ile faida ya magharibi siitegemei sana. Miba ya uzio imekauka inabidi tuongeze mibichi kabla. Komeo la mlango wa ndani limelegea, fundi anakuja Ijumaa. Na kijana wa boma ya juu nimemwambia kitambaa kianze wiki hii, asisubiri tarehe.